Mke wa Ngazi Atoka Nje

Kwa miaka mingi alijulikana kama mke wa Ngazi, na aliliitikia jina hilo bila kinyongo. Ngazi alikuwa mume wake wa ndoa, fundi wa kuosha madirisha, na watu walimbandika jina hilo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona barabarani bila ngazi begani. Akiingia dukani kununua sabuni, ngazi iko naye. Akisimama njiani kusalimiana na mtu, wapita njia wote wanainama. Mkewe alikuwa akimtania kwamba siku ya harusi yao alishtuka kumwona amekuja mikono mitupu.

Kazi waliifanya wawili, mke ndani, mume nje. Ukiuliza ni nani aliyepanga hivyo, hupati jibu. Nje kuna ngazi, na ngazi ni ya mwanamume. Ndani kuna sakafu, na sakafu, kama tunavyoimbiwa tangu utotoni, ni ya mwanamke. Walipanga hivyo watu ambao hawakupenda kufikiri sana, na waliokuja nyuma yao wakaona si vyema kuwasumbua.

Basi kila dirisha waliliosha wakiwa wametazamana. Ngazi amening'iniza ndoo yake kwenye kipago cha ngazi, ana brashi ya manyoya na ile raba ya kukaushia yenye mpini. Mkewe naye upande wa pili ana vyake. Doa likibaki katikati ya kioo, ugomvi ulianza. Sauti haikupenya, kwa hiyo waligombana kwa vidole. Ngazi ananyoosha kidole: ni upande wako. Mkewe anatikisa kichwa: ni wako. Kila mmoja anasugua, na aliyekuwa na doa upande wake ndiye anayepika jioni. Ngazi hakuwa na macho mazuri, ndiyo maana alijua kupika kuliko wanaume wote wa mtaa.

Macho hayo hayo, hata hivyo, hayakuvumilia tone la maji. Ngazi alikuwa na amri moja tu katika kazi, na aliirudia hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza: kioo hakiachwi kikilia. Tone likiachwa, alisema, litakauka na kuwa kidoti cheupe, na kidoti cheupe ni sahihi ya mvivu. Mfuko wake wa nyuma haukukosa kitambaa kilichochanwa kwenye shuka kuukuu, kilichokolea sabuni, cha kupangusia pembeni ambako raba haifiki.

Jengo lililowaweka mjini lilikuwa la ghorofa nne. Chini palikuwa na duka la miwani, juu yake daktari wa meno, juu yake mawakili, na juu kabisa chuo cha ushonaji ambako cherehani zilikuwa zinalia kutwa. Vioo vyake vilikuwa vipana, na vingi havikuwa vya kufunguka. Ni hapo, kwenye dirisha la mawakili, kizunguzungu kilipomkamata Ngazi.

Mkewe aliona yote, maana alikuwa amesimama mbele yake, karibu kiasi cha kugusana pua. Aliona macho ya mumewe yakimtazama, kisha yakawa hayamtazami tena. Raba ikamtoka mkononi. Ngazi akaikumbatia ngazi yake, akafumba macho. Mkewe akabandika viganja viwili kwenye kioo, kioo alichokiosha mwenyewe dakika ile, akapiga kelele ambazo mumewe hakuzisikia. Hapakuwa na namna ya kumshika. Akateremka ngazi za ndani mbio, viatu vikabaki huko huko, na alipofika nje alimkuta Ngazi ameshajiteremsha kipago kwa kipago, amekaa chini, amejiegemeza ukutani.

Hakuanguka. Ngazi mpaka leo anasisitiza hilo, na ni kweli, hakuanguka. Lakini daktari alisema tatizo liko ndani ya sikio, halina dawa ya uhakika, na mgonjwa asipande tena kitu chochote, hata kiti cha jikoni. Ngazi akarudi nyumbani, akakaa kwenye kochi, akanyamaza kama redio iliyoishiwa betri.

Mkewe tangu siku hiyo aliichukia ngazi. Ninasema ile ya mbao, iliyolazwa ukutani nje ya mlango. Kila akitoka aliitazama kwa chuki ya waziwazi, kama mtu anavyomtazama jirani aliyemrushia jiwe mtoto wake. Akaapa kwamba katika familia hiyo hakuna mtu atakayepanda tena, na kwamba kazi yao haitakwenda kwa mtu mwingine.

Kula yamini ni rahisi. Haikupita muda akaja mdogo wake Ngazi, ambaye naye ni fundi wa madirisha, kazi aliyofundishwa na kaka yake huyo huyo. Alikaa pembeni ya kochi, akampa kaka yake pole ndefu, kisha akageukia jambo lililomleta.

"Nimeshaongea na msimamizi wa jengo," alisema. "Nimemwambia asihangaike kutafuta watu. Mimi nipo. Damu nzito kuliko maji."

"Umeongea naye lini?" mke wa Ngazi aliuliza.

"Hilo si neno, shemeji. Neno ni kwamba nje nitachukua mimi, na ndani nitaleta vijana wangu, maana msimamizi anataka mtu mmoja wa kumdai. Ila wewe sikuachi. Utabaki na vyoo, pamoja na kufagia ngazi."

"Ngazi yangu ni hii hapa imekaa kwenye kochi," mke wa Ngazi akasema. "Naifagia bila msaada wako."

Shemeji alicheka, kwa sababu ni mtu anayepaka wenzake mafuta kwa mgongo wa chupa na hapendi kugombana mapema. Ngazi hakucheka.

"Mwache afanye, mama," alisema taratibu. "Ni ndugu yangu."

"Ndugu ni wako kweli. Kazi ni yetu."

"Sasa nani atapanda?"

Mke wa Ngazi akajitanda kanga yake. Alitoka nje, akaenda zake barabarani bila safari maalumu.

Jibu alilikuta kwenye uwanja wa shule. Fundi mmoja wa sola alikuwa amesimama chini, miguu ardhini kama binadamu anavyopaswa kusimama, anasafisha mabamba ya sola juu ya paa. Mkononi alikuwa na fimbo ndefu, nyembamba, iliyorefushwa kwa kuchomoa vipande kutoka ndani yake. Kichwani mwa fimbo kulikuwa na brashi, na katikati ya brashi maji yalikuwa yanatoka. Mpira wa maji uliteremka kwenye fimbo mpaka kwenye tangi na pampu vilivyofungwa juu ya mkokoteni. Ukitaka cha uvunguni sharti uiname, walisema wazee. Hakuna popote waliposema kwamba ukitaka cha juu lazima upande. Mke wa Ngazi alisimama pale mpaka fundi akamaliza.

"Hiyo inaosha na vioo?" aliuliza.

"Iliundwa kwa ajili ya vioo, mama. Sisi wa sola tumeiazima tu."

Fundi huyo alikuwa na seti nyingine, ya zamani kidogo, ambayo haitumii tena. Ilipatikana vipi hadi ikafika nyumbani kwa Ngazi ni habari ya mke mwenyewe, ingawa majirani waligundua kwamba cherehani yake haionekani tena dirishani. Fundi alimfundisha mchana mmoja. Maji ya bomba, alimwambia, yana chumvi ndani yake. Chumvi hiyo ndiyo ule ukoko mweupe wa kwenye birika, na ndiyo vile vidoti vya kwenye kioo. Maji haya yanapita kwanza kwenye machujio haya matatu. Yakitoka huku hayana kitu ndani yake, na kwa kuwa hayana kitu, hayaachi kitu. Unasugua fremu ya juu kwanza, unashuka, unasuuza vizuri, basi.

"Halafu napangusa na nini?"

"Hupangusi."

"Nakausha na nini, basi?"

"Jua litakausha. Upepo utakausha. Wewe unahamia dirisha la pili."

Mke wa Ngazi alimtazama usoni kuona kama anamfanyia mzaha. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa kufuata tone la maji na kulikamata kabla halijafika chini, na sasa kijana huyu anamwambia aligeuzie mgongo. Alijisikia kama mtu aliyeambiwa aondoke mezani bila kunawa. Hata hivyo alipiga moyo konde, akasukuma mkokoteni mpaka nyumbani.

Ngazi aliinuka kwenye kochi kwa mara ya kwanza wiki ile, akazunguka mkokoteni, akabonyeza mpira kwa kidole cha mguu.

"Kwa hiyo unamwagia kioo maji, halafu unaondoka."

"Ndiyo."

"Hata mvua hufanya hivyo."

"Mvua haina brashi," mkewe akajibu.

Alijifunzia kwenye dirisha la nyumba yao. Fimbo ikirefushwa inayumba, na mwenye kuishika anayumba nayo. Maji yanateremka kwenye mikono, yanaingia kwenye kwapa, yanatokea kiunoni. Shingo ilimuuma kwa kutazama juu, yeye aliyezoea miaka yote kutazama mbele. Mara ya kwanza alisahau fremu ya juu, na kioo kilipokaribia kukauka uchafu ukashuka kutoka kwenye fremu, ukakichora michirizi. Ngazi, aliyekuwa mlangoni, alikohoa kikohozi cha mtu asiye na kikohozi. Mkewe akajikaza kisabuni, ingawa sabuni ndiyo kitu pekee ambacho hakikuwepo, akarudia tangu juu, akakaa kwenye kizingiti kusubiri. Kioo kilikauka, kikawa safi kabisa. Alimwita mumewe aje aone.

"Dirisha moja si jengo," Ngazi alisema, na hakuja.

Neno hilo lilimuuma kuliko maneno yote ya shemeji. Angevumilia kucheka kwa watu baki, lakini mtu aliyesimama naye uso kwa uso kila siku ya kazi, huyo alitaka amwamini. Alilia kidogo kwa hasira, jikoni, akamaliza, akanawa uso. Asubuhi alikwenda kwa msimamizi wa jengo.

Msimamizi alikuwa mtu wa funguo nyingi na woga mwingi. Kila jambo alilipima kwa kufikiria wapangaji watasema nini.

"Maji matupu?" aliuliza. "Bila sabuni?"

"Bila sabuni."

"Na bila ngazi?"

"Ngazi haitagusa ukuta wako tena. Hakuna mtu atakayekuangukia hapa."

Hilo la kuangukiwa lilimkaa msimamizi moyoni, lakini bado alizungusha funguo zake. "Shemeji yako nimeshampa neno."

"Nipe upande mmoja tu, ule wa barabarani. Vikibaki vichafu, mpe shemeji nje, mpe na ndani, na ndoo yangu nitamkabidhi mimi mwenyewe mbele yako. Vikiwa safi, jengo lote ni langu, ndani na nje."

Msimamizi alikubali, labda kwa kuona hakuna hasara. Habari zilifika kwa shemeji kabla mke wa Ngazi hajafika nyumbani. Mtaa mzima ukajua kwamba mke wa Ngazi amekataa kukaa ndani.

Siku yenyewe alianza mapema, jua likiwa bado linapiga ule upande wa barabara kwa upole. Alirefusha fimbo mpaka chuo cha ushonaji, akaanza na fremu. Wanafunzi waliacha cherehani, wakaja dirishani kutazama brashi iliyokuwa inawapungia kutoka hewani. Alishuka kwa mawakili, na alipofika kwenye dirisha lile lile la siku ile, aliishika fimbo upya. Alilisugua mara mbili, akalisuuza zaidi ya mengine. Akashuka kwa daktari wa meno. Akamalizia duka la miwani na vioo vingine vya chini. Kote alikopita aliacha maji yakitiririka, na kila alipoacha, kidole chake cha shahada kilitaka kwenda kulizuia tone. Alikificha kwenye kiganja.

Wapita njia hawakumwacha apumue. Dada wa duka la miwani alitoka mlangoni kwa wema wake wote.

"Mama, umesahau kukausha."

"Sijasahau."

"Naona yanadondoka."

"Yaache yadondoke."

Mwanamume mmoja aliuliza kama nyumba inazimwa moto. Mwingine akamwambia mwenzake kwamba kazi za siku hizi ni nusu nusu. Mke wa Ngazi aliwajibu wote, mmoja mmoja, hadi mate yakamkauka, kisha akaenda nyuma ya jengo kufunga bomba lililokuwa linajaza tangi na kukunja mpira wa akiba. Alijipa muda huko. Alitaka vioo vikauke bila yeye kuvikodolea macho.

Aliporudi aliwakuta watu watatu. Msimamizi alikuwa ameinamia kioo cha duka la miwani, funguo kimya. Shemeji alikuwa amekuja na ngazi yake ya alumini, tayari ameiegemeza ukutani mwishoni mwa jengo. Na pembeni, karibu na mlango, alisimama Ngazi, mikono nyuma.

"Mama," msimamizi alisema, "hii nayo ni nini?"

Mke wa Ngazi akatazama. Vioo vya chini vyote, toka mwanzo hadi mwisho, vilikuwa na utando wa ukungu na michirizi myeupe iliyopinda. Jua lilikuwa linavipiga sasa, na hakuna aliyeweza kusema haioni. Kwa dakika moja nzima aliamini kila kitu walichosema: kwamba amedanganywa na mtu wa sola, kwamba amemwaga cherehani yake pamoja na maji, kwamba atafagia ngazi na kuosha vyoo mpaka azeeke na shemeji akimwita kwa mluzi.

"Nilisema mimi," shemeji akasema, kwa sauti ya mtu anayefariji. "Si kosa lako, shemeji. Kazi hii ina wenyewe."

Ndipo mke wa Ngazi akainua macho, kwa kuwa hakutaka kumtazama shemeji. Daktari wa meno aling'aa. Mawakili waling'aa. Chuo cha ushonaji, juu kabisa, kiling'aa hadi ungedhani vioo vimetolewa. Ni vya chini tu vilivyoharibika, vile ambavyo mkono wa mtu aliyesimama chini unavifikia.

Akasogea karibu na michirizi. Ilikuwa inaanzia kulia, inashuka kwa mapindo kuelekea kushoto, na kwenye kona ya chini inamalizika kwa kijimkia. Mkia huo aliufahamu. Alikuwa ameutazama kutoka upande wa pili wa kioo tangu ujana wake. Akageuka kumtazama Ngazi, na Ngazi akatazama viatu. Mfuko wake wa nyuma ulikuwa umelowa, na maji yalikuwa yanashuka kwenye suruali.

Mke mwema, tunaambiwa, humfunika mumewe. Angeweza kusema ni yeye aliyepangusa, akachukua lawama, akaenda nyumbani na heshima ya mume mfukoni na kazi mikononi mwa shemeji. Alilifikiria hilo, kusema kweli, kwa muda wa kumeza mate. Kisha akaona amefunika vya kutosha maishani mwake.

"Vya chini vimepanguswa," alimwambia msimamizi. "Sikuvipangusa mimi. Amevipangusa mume wangu, kwa kitambaa chenye sabuni."

"Shemeji," mdogo wa Ngazi akasema, "usimsingizie mgonjwa."

"Ni mimi," Ngazi akasema.

Dada wa miwani, aliyekuwa mlangoni, akajifanya anafuta kitasa.

"Nilikuja kutazama," Ngazi aliendelea, bila kuinua kichwa. "Nikakuta maji yanateremka kila mahali, na watu wanapita wanacheka. Nikasema asiaibike. Mkono ukaenda wenyewe."

"Nilikuomba?" mkewe aliuliza.

"Hukuniomba."

"Ulikuja kuangalia juzi? Nilipokuita uone lile dirisha la nyumbani, ulikuja?"

"Sikuja."

"Sikutaka unihurumie, baba. Nilitaka uniamini. Huruma yako ilitaka kunifanya mfagia ngazi wa mdogo wako."

Hakupandisha sauti. Ngazi alipokea maneno hayo kama mtu anayepokea mzigo kwa mikono miwili, akatikisa kichwa kukubali. Msimamizi, ambaye hakuzoea kusikia ndoa ya mtu mchana kweupe, alianza kuzungusha funguo.

"Sasa tunafanyaje?" aliuliza.

"Mnasimama hapo," mke wa Ngazi akasema.

Alifungua maji. Alifupisha fimbo, akaosha safu yote ya chini upya mbele yao, fremu kwanza, kisha kioo, akisugua hadi sabuni ya kile kitambaa ikaisha, akasuuza na kusuuza tena. Akafunga maji, akashusha fimbo. Maji yakaanza kuteremka kwenye vioo, tone likifuata tone. Shemeji hakuweza. Alivuta kitambaa begani kwake, akapiga hatua kuelekea kwenye kioo.

"Niwasaidie tu hapa kwenye kona," alisema.

Ngazi alimshika kifundo cha mkono. Mwili wake ulikuwa umedhoofika, lakini mikono ilikuwa bado ya mtu aliyebeba ngazi miaka yote.

"Usiguse," alisema.

"Kaka, kinalia."

"Nimesema usiguse."

Wakasubiri. Haikuwa rahisi kwao, wanaume watatu waliosimama mbele ya kitu chenye maji na mikono yao haina la kufanya. Msimamizi alihesabu funguo. Shemeji alikunja kitambaa, akakikunjua. Ngazi alikuwa anameza mate kila tone lilipoanza safari, na mkono wake wa kushoto aliushika kwa wa kulia. Mke wa Ngazi alisimama mbele yao wote, mgongo umewaelekea, nguo imemganda mwilini kwa maji, na hakugeuka hata mara moja. Aliogopa. Hofu yake ilikuwa palepale, haikuondoka kwa sababu ya maneno makali aliyoyasema, lakini aliamua kwamba watakaoiona ni vioo peke yao.

Vikaanza kukauka kuanzia juu. Kioo cha kwanza kikatokea, halafu cha pili, na nyuma yake miwani ya dukani ikaonekana moja moja kwenye rafu, na sura ya dada wa duka aliyekuwa amesahau kitasa chake. Msimamizi akasogea. Akatazama kwa mbele, akatazama kwa ubavuni, akapumulia kioo mvuke wa kinywa na kuuangalia ukipotea. Hapakuwa na kidoti.

"Haya," alisema. Alikohoa. "Haya, lakini wewe ukiwa huku nje, ndani atafanya nani? Siwezi kuwa na vioo safi upande mmoja."

Mke wa Ngazi alifungua kinywa kusema atafanya pote, hata kama itamla usiku na mchana. Kabla hajasema, sauti ikatoka nyuma yake.

"Ndani nitafanya mimi," Ngazi akasema.

Shemeji akacheka, safari hii kweli. "Ndani, kaka? Na ndoo ya shemeji? Watu watasemaje?"

"Watasema niko kazini," Ngazi akajibu. "Sakafu haina kizunguzungu."

Mkewe alimpenda dakika ile kuliko siku aliyoolewa naye, na hakumwambia, kwa sababu hasira ya vioo vya chini ilikuwa bado haijakauka. Vitu hivyo viwili vilimjaa kifuani pamoja na hakuona haja ya kukifukuza hata kimoja. Alimtazama tu. Ngazi akatoa kitambaa kilicholowa mfukoni, akakiangalia, akakitupa kwenye pipa la taka la duka la miwani, kisha akamwomba msimamizi amwonyeshe ndoo zinapokaa.

"Basi endeleeni na upande wa pili," msimamizi alisema, akiongoza njia na Ngazi nyuma yake.

Mke wa Ngazi aliuacha mkokoteni mbele ya duka, akauvuta mpira hadi kwenye pembe ya jengo, akainua fimbo mpaka kwenye dirisha la kwanza. Akafungua maji. Hayakuja. Akatikisa fimbo, akasikiliza pampu kule kwenye mkokoteni, ilikuwa inanguruma vizuri. Akaufuata mpira kwa macho kurudi nyuma, ukipita ukutani, hadi kwa shemeji yake, aliyekuwa ameiinua ngazi yake aondoke, kisha akaisimamisha tena, mkono kwenye alumini, akitafuta neno la kuondokea.

"Shemeji," alimwita, "iondoe hiyo ngazi. Imekanyaga mpira wangu."